Kinyago kilichorudi baada ya miaka 26: Wizi wa sanaa, vitabu vinavyouandika na wajibu wa mwananchi

NYEGEZI, MWANZA – Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam na kuondoka na vitu kadhaa vya urithi wa utamaduni, kimojawapo kikiwa kinyago cha Kimakonde kiitwacho lipiko. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa mjini Paris, Ufaransa, na kuingizwa katika mkusanyo wa Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Kilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania tarehe 10 Mei 2010, miaka 26 baada ya kuibwa.

Kwa mkazi wa Nyegezi, kiasi cha kilomita 10 kusini mwa katikati ya Jiji la Mwanza, habari ya kinyago cha Wamakonde wa kusini inaweza kuonekana kuwa ya mbali. Hata hivyo, Kanda ya Ziwa nayo ina hazina yake. Ngoma za watemi, viti vya enzi, mikuki, shanga na vifaa vya tiba za jadi bado vimo katika makumbusho na katika nyumba za familia. Vingi kati ya vitu hivyo havijawahi kupigwa picha wala kuandikwa popote. Yaliyotokea kwa lipiko yanaonesha kwa nini jambo hilo ni la hatari, na mwananchi afanye nini kabla na baada ya kitu cha urithi kutoweka.

Jinsi kinyago kilivyopatikana

Lipiko ni kinyago kinachovaliwa kichwani mithili ya kofia na kumfunika mchezaji uso. Katika mila za Wamakonde, vinyago hivi hutumika katika ngoma ya mapiko, hususan katika shughuli za jando na unyago. Kwa hiyo, kilichoibwa hakikuwa kipande cha mti kilichochongwa vizuri tu, bali chombo chenye kazi yake katika maisha ya jamii.

Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli, mtafiti kutoka Italia, aliarifu kwamba kinyago kilichokuwa Geneva ndicho kilichoibwa Dar es Salaam. Mazungumzo yalianza, lakini hayakufika mwisho haraka. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka ombi lake mbele ya Kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni kwa nchi zilikotoka. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, nalo lilisaidia kuzikutanisha pande mbili. Hatimaye makubaliano yalitiwa saini mjini Paris, na makumbusho ya Geneva ikatoa kinyago hicho kwa Tanzania kama zawadi.

Neno "zawadi" linaweza kumshangaza msomaji. Inakuwaje mwenye mali apewe mali yake kama zawadi? Jibu linapatikana katika sheria. Kwa mujibu wa sheria ya Uswisi ya wakati ule, mtu aliyenunua kitu kwa nia njema, bila kujua kuwa ni cha wizi, alipata kinga dhidi ya madai ya mwenye mali baada ya miaka mitano kupita. Muda huo ulikwisha kupita hata kabla taarifa za kinyago hazijafika Dar es Salaam. Uswisi ilibadilisha utaratibu huo kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 2005, na ukomo wa madai ya mali za utamaduni ukawa miaka 30, lakini sheria hiyo haikurudi nyuma kugusa ununuzi uliofanyika kabla yake.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaopiga vita biashara haramu ya mali za utamaduni mwaka 1977, ilhali Uswisi ilijiunga mwaka 2003. Mkataba huo nao haurudi nyuma. Kwa sababu hizo, njia ya mahakama ilikuwa finyu, na diplomasia ndiyo iliyobaki. Kukubali neno "zawadi" kuliwawezesha wenye kinyago kukipata bila upande wa pili kukiri kosa. Wapo wanaoona kwamba bei hiyo ya heshima ilikuwa kubwa. Wapo pia wanaoona kwamba kinyago kilichopo nyumbani kina manufaa kuliko hoja iliyoshinda huku kinyago kikibaki ugenini.

Wizi mashuhuri na vitabu vyake

Duniani kote wizi wa kazi za sanaa umekuwa chemchemi ya vitabu. Tarehe 21 Agosti 1911 mchoro wa Mona Lisa uliibwa katika Makumbusho ya Louvre mjini Paris. Mwizi, Vincenzo Peruggia, alikuwa fundi Mwitaliano aliyewahi kufanya kazi humo. Aliuficha mchoro chumbani kwake kwa zaidi ya miaka miwili, na alikamatwa Desemba 1913 alipojaribu kuuuza mjini Florence. Katika kipindi hicho watu walipanga foleni Louvre kutazama ukuta mtupu. Mwandishi R. A. Scotti alisimulia mkasa huo katika kitabu Vanished Smile kilichotoka mwaka 2009.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Machi 1990, watu wawili waliovaa sare za polisi waliingia katika Makumbusho ya Isabella Stewart Gardner mjini Boston, Marekani, wakawafunga walinzi na kuondoka na kazi 13, zikiwemo za Rembrandt na Vermeer. Hadi leo hazijapatikana, ingawa makumbusho imeahidi zawadi ya dola milioni 10 kwa atakayetoa taarifa zitakazozirejesha. Fremu tupu bado zimetundikwa ukutani. Ulrich Boser aliandika habari hiyo katika The Gardner Heist mwaka 2009.

Mwaka 1994 mchoro wa Edvard Munch uitwao The Scream uliibwa Oslo, Norway, siku yaliyofunguliwa mashindano ya Olimpiki ya majira ya baridi. Ulipatikana miezi mitatu baadaye kwa mtego wa polisi, na Edward Dolnick akauandikia kitabu The Rescue Artist, kilichochapishwa mwaka 2005. Mwaka 2023 Michael Finkel alitoa The Art Thief, kinachomhusu Stéphane Breitwieser, Mfaransa aliyeiba katika makumbusho nyingi ndogo za Ulaya na kurundika mali hiyo katika nyumba ya mama yake. Baada ya kukamatwa kwake, sehemu ya vitu hivyo iliharibiwa, na vingine vikatupwa mferejini.

Ukivisoma vitabu hivyo kwa pamoja, jambo moja linajitokeza: kazi mashuhuri ni rahisi kuibwa kuliko kuuzwa. Peruggia alinaswa kwa sababu mfanyabiashara aliyeletewa Mona Lisa aliitambua. Umaarufu wa mchoro ndio ulioulinda. Picha yake ilikuwa imechapishwa katika magazeti ya kila nchi, na hakuna mnunuzi ambaye angeweza kudai kwamba hakujua.

Hali ya kiti cha mtemi kilichohifadhiwa chini ya kitanda cha bibi kijijini ni kinyume chake. Kikiibwa leo na kuvuka mpaka wiki ijayo, hakuna gazeti litakalokitambua. Mnunuzi atasema kwamba alinunua kwa nia njema, na pengine atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana vitu vya urithi vya Afrika, ambavyo bei yake huanza chini kabisa kijijini na kupanda kila vinapopita mkono mmoja kwenda mwingine, vinawavutia wezi na madalali.

Vigango vya pwani ya Kenya

Mfano wa karibu zaidi unatoka kwa jirani zetu wa pwani ya Kenya. Miongoni mwa Wamijikenda, hasa Wagiriama, wanachama wa jamii ya heshima ya Gohu hukumbukwa kwa kusimamishiwa kigango, yaani nguzo ya mti iliyochongwa kwa mfano wa mtu. Kigango hakiuzwi wala hakihamishwi ovyo, kwa kuwa familia huamini kwamba roho ya marehemu imo humo.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu nchini Marekani, Udvardy alikiona kimojawapo katika picha iliyooneshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika mkusanyo wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Cha pili kiligundulika katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia.

Mwaka 2003 watafiti hao wawili, pamoja na John Mitsanze wa Kenya, walichapisha utafiti wao katika jarida la American Anthropologist, wakieleza kwamba karibu vigango 300 vilikuwa katika makumbusho za Marekani. Andiko hilo liliamsha mjadala. Kigango cha kwanza kilikabidhiwa kwa familia mwaka 2007, na cha pili nacho kikarejeshwa Kenya. Baadaye makumbusho nyingine zilifuata, ikiwemo Makumbusho ya Asili na Sayansi ya Denver iliyorudisha vigango 30.

Mzee aliyepigwa picha hakuwa hai tena wakati wa marejesho, kwani alifariki dunia miaka ya 1980 bila kujua vigango vya ndugu zake viliko. Lakini picha ile ndiyo iliyokata mzizi wa fitina. Pasipo picha hiyo, kungekuwa na neno la familia ya kijijini dhidi ya stakabadhi za madalali na makumbusho ya ng'ambo.

Mali zilizochukuliwa kwa nguvu za dola

Si kila kilichoondoka kiliondolewa na mwizi wa usiku. Mwaka 1897 majeshi ya Uingereza yalivamia Jiji la Benin, katika Nigeria ya leo, na kuchukua maelfu ya kazi za shaba na pembe. Vitabu vya karibuni, kama vile The Brutish Museums cha Dan Hicks cha mwaka 2020 na Loot cha Barnaby Phillips cha mwaka 2021, vimeeleza uvamizi huo na safari za kazi hizo hadi Ulaya. Mwanahistoria Bénédicte Savoy, katika kitabu chake kuhusu mapambano ya Afrika kurejeshewa sanaa yake, ameonesha kwamba madai ya Waafrika si mapya: yalitolewa kwa nguvu tangu miaka ya 1960 na 1970, yakapuuzwa.

Kwa upande wa Tanzania, Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin ina zaidi ya vitu 10,000 vilivyotoka katika ardhi yetu, vingi vikiwa vya enzi ya utawala wa Kijerumani. Baadhi vilinunuliwa, baadhi vilitolewa na wenyewe, na baadhi vilitekwa vitani, vikiwemo vya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kutenganisha makundi hayo ni kazi ya utafiti wa kitu kimoja kimoja. Mwaka 2018 kilichapishwa kitabu cha Humboldt Lab Tanzania, kilichotokana na ushirikiano wa wataalamu wa Tanzania na Ujerumani waliofuatilia asili ya vitu vilivyochukuliwa katika vita vya kikoloni.

Historia inatukumbusha pia kwamba subira ya madai haya hupimwa kwa vizazi. Fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kwamba lirudishwe. Lilikabidhiwa Kalenga, Iringa, mwaka 1954, miaka 35 baadaye.

Hata riwaya zimebeba uchungu huu. Katika By the Sea ya mwaka 2001, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, anasimulia habari za mzee Saleh Omar anayewasili Uingereza kuomba hifadhi akiwa na kisanduku cha udi. Ofisa wa uhamiaji anakichukua. Kwa ofisa ni kitu kizuri tu, lakini kwa mzee ndicho kilichobaki cha maisha yake ya awali. Msomaji wa pwani au wa Kanda ya Ziwa hahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo.

Hazina ya Kanda ya Ziwa

Katika Usukuma, hifadhi kubwa ya aina hii ipo Bujora, Kisesa, wilayani Magu, umbali mfupi mashariki mwa Jiji la Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora ilianzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kwa kushirikiana na Wasukuma wenyewe. Humo zimo ngoma za kitemi, viti vya enzi na vifaa vya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo hadi leo hushindana katika sherehe za Bulabo kila mwaka.

Umuhimu wa makusanyo hayo uliongezeka baada ya mfumo wa utawala wa watemi kufutwa mwaka 1963. Vitu vilivyokuwa alama za mamlaka vilipoteza kazi yake ya kiserikali. Baadhi vilipelekwa Bujora, na vingine vilibaki katika koo. Aliyerithi kiti au ngoma huenda alijua historia yake yote, lakini mjukuu wake anayetafuta ada ya shule anaweza kuona mbao kuukuu zenye mteja. Hapo ndipo dalali anapopata nafasi.

Maandishi ya zamani yapo na yanasaidia. Hans Cory, mtafiti wa mila aliyefanya kazi miongoni mwa Wasukuma, alichapisha mwaka 1951 kitabu The Ntemi kuhusu kutawazwa na kuzikwa kwa watemi, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika Nyegezi yenyewe, eneo la Malimbe, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichotokana na taasisi ya mafunzo iliyoanzishwa mwaka 1960 na kinachofahamika kwa kufundisha waandishi wa habari. Kizazi cha waandishi wanaosomea kando ya ziwa kina nafasi ya kuandika habari za vitu hivi kabla wazee wanaovijua hawajaondoka.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, ulinzi wa vitu hivi unasimamiwa na Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sheria hiyo inalinda, pamoja na mambo mengine, vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na milango na fremu za mbao zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Waziri mwenye dhamana anaweza pia kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa. Kusafirisha vitu vinavyolindwa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na anayegundua malikale anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka.

Ieleweke kwamba sheria hii haizuii biashara halali ya sanaa. Mchongaji anayeuza kinyago alichokichonga mwaka huu, au msusi anayeuza vikapu kwa watalii, hafanyi kosa lolote. Kinacholindwa ni urithi wa zamani, ambao ukiondoka hauwezi kuchongwa upya.

Hatua kwa familia na viongozi wa mitaa

Mwaka 1997 wataalamu wa makumbusho, polisi na bima walikubaliana duniani juu ya utaratibu mwepesi wa kukitambulisha kitu cha sanaa, unaojulikana kama Object ID. Hauhitaji mtaalamu wala fedha. Kwa simu ya kawaida na daftari, familia inaweza kufanya yafuatayo:

1. Kupiga picha za kitu pande zote, kikiwa kando ya rula ili ukubwa uonekane, na picha ya karibu ya kila alama, ufa au kovu. Kovu ndilo linalotofautisha kiti kimoja na kingine.

2. Kuandika vipimo, mali kilichotengenezwa nayo, jina lake kwa lugha ya asili, matumizi yake, aliyekitengeneza kama anafahamika, na jinsi kilivyorithiwa.

3. Kuhifadhi nakala mahali pengine, mbali na kitu chenyewe, kwa mfano kwa ndugu anayeishi mjini au kwa Ofisa Utamaduni wa halmashauri.

Kitu kikiibwa, taarifa itolewe mara moja kituo cha polisi na namba ya kumbukumbu ya taarifa itunzwe. Mtendaji wa kijiji au mtaa na Idara ya Mambo ya Kale nao waarifiwe. Kupitia Jeshi la Polisi, taarifa zenye picha na vipimo zinaweza kufikishwa INTERPOL, ambayo ina kanzidata ya kazi za sanaa zilizoibwa yenye vitu zaidi ya 50,000. Tangu mwaka 2021 kanzidata hiyo inaweza kupekuliwa bure na mtu yeyote kupitia programu ya simu iitwayo ID-Art. Kitu kisicho na picha wala maelezo ya kutosha hakiwezi kuingizwa humo.

Kasi ni muhimu. Kutoka kituo cha mabasi cha Nyegezi, mzigo unaopakiwa asubuhi unaweza kuwa mkoa mwingine kabla ya jua kuzama. Katika nchi nyingi muda wa madai huhesabiwa, na mwenye mali aliyekaa kimya hupoteza haki yake hatua kwa hatua bila kujua.

Vitabu vya wizi mashuhuri vitaendelea kuandikwa na kusomwa, na vina mafunzo yake. Lakini lipiko na vigango vya Kenya vilirudi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeweza kusema kwa uhakika: hiki ndicho, kilikuwa hapa, na ushahidi ni huu. Kwa kiti cha mtemi kilichopo leo katika nyumba ya Usukuma, ushahidi huo unaweza kuandaliwa kwa saa moja, ilimradi uandaliwe kingali mahali pake.